Mgongo wa Baba Kwenye Picha

Nyumba ileile ya ghorofa,
mlango wa pili baada ya ngazi.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wa Mama,

Hujambo? Na wifi yangu hajambo? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Nauliza tu, ingawa jibu lako nalijua. Wewe hata homa ikutetemeshe mpaka kitanda kihame, utaandika kwamba uko salama salimini.

Sisi huku tu wazima. Mama alitolewa mtoto wa jicho mwezi wa kwanza, jicho la kulia, na sasa anaona hata vumbi lililo juu ya kabati. Raha yake imekuwa taabu yangu, maana kila asubuhi ananionyesha nilipopitisha kitambaa na nisipopitisha.

Barua yako ya mwisho ina miezi saba. Sikugombezi. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, basi nasi tumekaa tunausubiri huo mshindo. Mwenzio nakukumbuka hata mahali pa kijinga, kama vile dukani nikichagua vitunguu, nakumbuka ulivyokuwa ukininong'oneza kuwa muuzaji anatuona wajinga.

Sasa nikupe habari. Unalikumbuka jumba la mitambo ya maji alikofanya kazi Baba, kule ziwani? Limekuwa bustani ya watu kupumzika. Ule uwanja wa makaa ya mawe, tuliokuwa tukirudi nao nyumbani kwenye soksi, umeoteshwa majani na kuwekwa bembea. Ukingo wote wa maji umejengewa njia ya kutembea na mabenchi. Pale tulipochapwa kwa kuogelea, leo watoto wanavalishwa maboya na kusimamiwa na mwalimu mwenye filimbi. Mdogo wangu, tulichapwa mapema mno.

Kuna na vimashua vya kukanyaga kwa miguu kama baiskeli, watu wawili wawili. Wiki iliyopita nilisimama nikavitazama kwa muda mrefu. Shemeji yako alinikaribisha tupande, nikakataa, nikasingizia magoti. Ukweli ni kwamba nilitaka kupanda na wewe. Kwa uzito wangu huu ungekanyaga peke yako, nami ningekaa tu nikikuamrisha kama zamani.

Jumba lenyewe hawakulibomoa. Mitambo imepakwa rangi, imezungushiwa kamba, na ukutani kuna picha za wafanyakazi wa zamani. Hapo ndipo penye jambo linalonifanya nikuandikie, na kalamu inakuwa nzito.

Mwaka jana walibandika tangazo wakiomba familia za wafanyakazi zije kuwatambua watu walio katika picha. Unanijua, karani wa shule, mwandiko wangu mzuri, kiherehere changu kikubwa zaidi. Nilikwenda. Wakanipa picha moja ya chumba cha mitambo, watu wanane. Saba nikawataja bila kukwama: fundi mkuu, wapaka mafuta, hata yule mlinzi aliyekuwa akitupa sukari guru. Wa nane alikuwa ameipa kamera mgongo, anatazama geji, kile kipimo cha presha. Nilimtazama, nikamgeuza huku na huku, nikaandika: hajulikani.

Alikuwa Baba.

Usinihukumu kwanza. Si unakumbuka alivyokuwa akisema hajawahi kupigwa picha kazini hata siku moja? Nilimwamini. Kumbe alipigwa na hakujua, kwa sababu akiwa zamu haondoi macho kwenye ile geji hata mkurugenzi aingie. Si ndiyo maana wenzake walimwita Mzee Geji? Na mimi Baba nilimjua wa mezani, wa kitini, uso kwa uso. Mle ndani tulikuwa haturuhusiwi kuingia. Lakini hayo yote ni maelezo, na maelezo hayanisaidii kulala.

Mama alipofunguliwa jicho, kitu cha kwanza alichotaka ni kwenda kuona mahali mumewe alipofanyia kazi. Tukaenda, mimi, yeye na mpwa wako. Ile picha wameikuza mpaka imekuwa kubwa kama mlango. Mama akasimama mbele yake, akakaribia, akagusa bega la yule wa nane. Kisha akamgeukia msimamizi wa jumba, akamuuliza kwa upole kabisa:

"Huyu mume wangu aliwakosea nini mpaka mkamwandika hajulikani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama alikuwa amemjua kwa kiraka cha begani. Alikishona mwenyewe kutokana na pazia letu la sebuleni, lile la mistari, na kwa kuwa kitambaa kilipungua ilibidi akilaze, mistari ikapita kwa ubavu. Ukitazama picha utaiona, imelala hivyohivyo.

Msimamizi ni binti mwenye adabu. Alituambia kuna familia nyingine imeshadai mgongo uleule, wajukuu wa fundi mabomba, na wao wana hakika ni babu yao. Siwezi kuwalaumu, tulipokutana nao hata kiti walimletea Mama akae. Lakini mwisho wa mwezi wa sita majina yatachongwa kwenye bamba la shaba, na yeye hataki kumdhulumu mtu. Kukiwa na ushahidi, ataandika jina. Ushahidi usipokuwepo, bamba litabaki na neno langu lile, na shaba haifutiki kwa kifutio cha karani.

Mama ameacha kabisa kwenda upande wa maji. Kila Jumapili tukifika, watu wanatelemka kupunga upepo, yeye anakwenda kukaa mbele ya picha. Jumapili iliyopita nilishindwa kuvumilia, nikamwambia kwamba aliyeandika ni mimi. Nilitegemea kufokewa. Alimwacha kwanza mpwa wako akimbilie kwenye bembea. Kisha akasema wewe ungemjua, kwa kuwa kila asubuhi ulikuwa ukimfuata nyuma mpaka kona ya shule, hatua kwa hatua, wakati mimi nimeshatangulia mbele na vitabu vyangu.

Nililia, mdogo wangu. Sina la kuficha. Nililia kwa ajili ya Baba, na nikalia kwa ajili yako, kwamba wewe uliyeujua mgongo wake hukuwepo siku tulipombeba kwenda kumzika.

Sijasema hili ili kukuchoma. Najua vibali vilikukwamisha, na najua ulikaa peke yako chumbani siku mbili, wifi aliniambia. Ila miaka kumi na moja sasa kila barua inasema utarudi mwakani. Mimi nazeeka nikizisoma, na Mama ndiye anayenituma nizisome tena.

Shati lile lenye kiraka unalo wewe. Baba alikuvua koti lako jepesi asubuhi ya safari, akakuvisha lile shati zito la kaki, akasema huko uendako pana baridi. Kiraka kikiwekwa kando ya picha, hakuna atakayebisha, hata wajukuu wa fundi mabomba wenyewe wamekubali hivyo. Basi jana nilimwambia Mama nitakuandikia ulifunge vizuri, ulitume kwa posta, litafika kabla ya mwezi wa sita. Nilijiona nimepata dawa. Jibu lake nitakupa chini, maana amenikataza kulichanganya na maneno yangu.

Msalimie sana wifi, mwambie namshukuru kwa kunificha siri zako vibaya. Shemeji yako anakusalimu, na anauliza kama bado unashangilia timu ile inayofungwa. Mpwa wako amepoteza meno mawili ya mbele na anakusalimu kwa kithembe. Mungu akulinde katika kazi yako na usingizi wako, akufungulie njia iliyo fupi.

Mama amekaa hapa kando yangu, ameshika ukingo wa karatasi kwa mkono mmoja, anafuatisha kalamu kwa jicho lake jipya ili nisipunguze kitu. Anakusalimu. Maneno yake ni haya:

"Shati la baba yako usilitume. Likija kwenye bahasha, nitalirudisha hukohuko, na bamba waandike watakavyo. Lije na mtu ndani yake."

Ni mimi nikupendaye, na nikungojeaye,
Dada yako, Karani.