Mama Alisema Bahari ni Buluu

Jumamosi, Mambrui. Mvua ilipiga usiku kucha, ikapumzika asubuhi, na sasa yanyesha tena kidogo kidogo juu ya mabati ya Mama Mkubwa. Nimechoka, wala si uchovu wa safari.

Mama ana presha ya macho. Daktari kule Mombasa alitueleza wazi kwamba dawa ya matone itachelewesha tu, haitarudisha kilichokwisha kupotea. Tangu siku ile Mama akawa na ombi moja. Nimlete huku kwao, aone Gede, aone Malindi, aone uso wa dada yake, kabla giza halijaingia. Nikaomba likizo kazini, tukaja.

Jana tulishukia Gede. Alitembea katikati ya magofu ameniegemea, mkono wa pili ukipapasa zile kuta za mawe. "Huu ndio msikiti mkubwa," akaniambia, na kweli ndio. Akanionyesha kisima. Akanisimulia walivyoletwa hapo na mwalimu wao, yeye na mwenzake wakapotea kule nyuma ya jumba la mfalme, wakalia hadi wakatafutwa. Alicheka sana. Nikampigia kaka yangu simu kumwambia kwamba Mama anaona vizuri kuliko tulivyodhani.

Nilikuwa na furaha ya ajabu.

Leo asubuhi tukaenda Malindi, kwenye ile nguzo ya kale ya Mreno, ufukweni. Upepo ulikuwa mkali, tukasimama kwenye mawe juu ya maji. Wajuao Malindi wanajua bahari yake inavyokuwa wakati wa masika. Mto Sabaki unafurika na kuyamwaga matope yake yote baharini. Maji ya leo yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, hadi mbali kabisa, na magogo yakielea.

Mama akavuta pumzi ndefu. "Alhamdulillahi," akasema. "Tazama hiyo buluu, mwanangu. Haijabadilika hata kidogo."

Nikamtazama yeye. Alikuwa akitabasamu.

Nikainua mkono wangu taratibu, nikaupitisha mbele ya macho yake. Niliona haya kufanya hivyo, kama mtu anayemwibia mzazi wake. Hakupepesa.

"Waiona?" akauliza.

"Naiona, Mama. Ni buluu."

Nyumbani anajua kila kona, chai anajimiminia mwenyewe, kanga zake anazipanga mwenyewe. Ningejuaje? Na kama ningejua, ningefanya nini?

Tukapanda tuktuk kuja huku Mambrui. Njia nzima nilitafuta namna ya kumwonya Mama Mkubwa, nikaogopa Mama atanisikia. Tulipovuka daraja nilishika simu nikaandika ujumbe, nikaufuta. Maneno yale sikuweza kuyatazama.

Mama Mkubwa, Bi Khadija, alikuwa ametusubiri barazani. Alipotuona aliinuka, akafungua mikono, machozi tayari yanamtoka. Mama akasimama pale uani na tabasamu lake, ameuelekeza uso kwenye nguzo ya baraza. Dada yake yuko upande wa pili, mikono wazi.

Mama Mkubwa akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa.

Akaishusha mikono yake. Akajifuta uso kwa ncha ya leso. Kisha akasema kwa sauti kubwa, "Njoo huku basi, au nimezeeka hata wanikimbia?"

"Shikamoo, dada," Mama akasema, akageuka kuifuata sauti.

"Marahaba, marahaba, mamangu."

Wakashikana. Mama akampapasa mashavu, paji la uso, kidevu. "Umekonda," akasema. "Wewe huli."

Baada ya chakula Mama Mkubwa hakuzunguka. Aliuliza pale pale, sisi watatu tumekaa mkekani. "Tangu lini?"

Mama akatega sikio. Nikajua anapima kama mimi nipo.

"Nipo, Mama," nikasema.

"Tangu Ramadhani," akajibu. "La kushoto lilitangulia."

"Na mbona hukuniambia? Tunakaa nyumba moja!"

"Ningekwambia, ungenileta huku? Ungenipeleka kwa daktari mwingine, kisha mwingine. Nami nakujua, ungelia kila siku ukinipa chai."

Nilikuwa nalia wakati huo huo. Yeye akaupapasa mkeka mpaka akaupata mguu wangu, akaufinya.

"Lakini ulisema wataka kuona, Mama. Tumekuja ili uone."

"Mimi nilishaona," akasema. "Wewe ndiye hukuwahi kupaona kwetu. Nilitaka nikuonyeshe mimi mwenyewe."

Mama Mkubwa akainuka akaenda jikoni, akagonganisha masufuria bila sababu yoyote.

Sasa wao wamejilaza chumbani, kitanda kimoja, wanaongea. Mama Mkubwa anamweleza nani ameota mvi, nani amejenga, nani amekufa. Mama anauliza kila kitu. Mimi niko hapa barazani na simu, kaka amepiga mara mbili, sijapokea. Nitamwambia nini? Kwamba habari niliyompa jana si ya kweli? Sina dawa, sina mpango, sina hata hasira ya kumkasirikia mtu.

Kabla hawajaingia ndani Mama aliniambia kesho twende kwenye kaburi la nyanya yangu, huko nyuma ya kijiji. Nikamwambia sipajui, wala Mama Mkubwa magoti yake hayamruhusu kutembea mbali.

"Nani amekuuliza kama wapajua?" akasema. "Njia nitakuonyesha mimi. Wewe tazama madimbwi tu."