Setingi za Uriri, Simu za Remba

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi chai mkononi, nimepitia setingi za vituo vyote. Safi kabisa. Zaidi ya mwaka kazini na sijakosea hata mara moja. Wengine wana digrii, mimi nina bahati. Shule niliacha kidato cha pili. Nikatengeneza simu hapa Homa Bay, nikazunguka Kampala na Mwanza na biashara ya betri, na leo mradi mzima unanitegemea. Madam Beryl, bosi wangu, ana digrii mbili na bado ananiuliza pasiwadi.

Kazi yenyewe ndiyo hii: sistimu inawatumia meseji watu wanaomeza dawa za virusi, wasisahau. Kila kituo na setingi zake. Uriri wanataka maneno wazi, saa kumi na mbili asubuhi: "Meza ARV zako sasa." Wako kwenye kikundi, wanajuana, walisema mafumbo yanawachosha. Remba ni mambo mengine. Kisiwa ni mabati kwa mabati, ukikohoa jirani anakuambia pole. Huko kila mtu alichagua saa yake na maneno yake. Nilikaa nao wiki nzima, mmoja mmoja. Kuna mama muuza omena, dagaa wa ziwa letu; kwao ni Uriri, basi kisiwa kizima kinamwita Nyar Uriri, binti wa Uriri. Alichagua "Omena imekauka?" saa nane mchana, wakati mumewe amelala. Tulicheka. Akanipikia samaki mpaka nikalegeza mshipi.

Jumatano, 5 Machi

Sistimu mpya imefika. Setingi zote ziingizwe upya kabla ya kesho jioni. Za Remba ni kuandika mtu kwa mtu. Mgongo unauma kwa kufikiria tu. Madam amechungulia mara tatu kuuliza nimefika wapi. Nimemwambia, "Madam, wewe kunywa maji."

Alhamisi, 6 Machi

Nimemaliza mapema. Nimekopi setingi za Uriri, nikazibandika Remba, nikabadilisha jina la kituo. Dakika mbili. Maneno ya watu nitayarudisha Jumatatu. Mpaka hapo kitufe cha kutuma kikae kimezimwa. Nadhani nimekizima. Mpira unaanza saa kumi.

Ijumaa, 7 Machi

Sikukizima.

Ukikopi, kila kitu kinakuja. Saa, maneno, na kitufe.

Odoyo amenipigia nikiwa bado napiga mswaki. Odoyo ndiye mwenye duka la kuchaji simu Remba. Simu za nusu kisiwa hulala juu ya meza yake, kila moja na jina la mwenyewe kwenye plasta. Saa kumi na mbili wavuvi wametoka ziwani, wamejaa dukani kuchukua simu zao. Zikawaka pamoja. Meseji juu ya kioo, hata kufungua huhitaji.

"Omera, ndugu yangu, umetuma nini? Kuna mjinga hapa anasoma majina kama mwalimu wa zamu."

"Zifunike!"

"Nizifunike na nini? Wameshasoma."

Jina la Nyar Uriri lilisomwa. Mumewe, Ouko, alikuwa mstari wa mbele.

Nimekizima kitufe, kwa kuchelewa.

Madam ameuliza imekuwaje. Nimesema sistimu mpya imejichanganya yenyewe. Ameniamini. Mimi ni mwoga.

Jumamosi, 8 Machi

Nimevuka kwenda Remba na boti ya kwanza. Siku zote nikishuka pale wananiita kwa vigelegele. Leo mama mmoja anayeanika omena ameinua kichwa: "Jameni, redio imefika. Leo unasoma ya nani?" Wengine wakacheka, si kwa furaha. Nimepita moja kwa moja hadi kwa Nyar Uriri.

Nyar Uriri hayupo. Jana saa tatu alipanda boti na mfuko mmoja, kisha gari la kwenda kwao. Ana mimba ya miezi saba. Neti yake ya kuanikia imekunjwa. Omena yake ya juzi bado iko kwenye beseni, hakuna aliyeigusa. Watu wazima, na wanajua vizuri kwamba virusi haviambukizwi kwa omena.

Ouko alikuwa amekaa mlangoni na kopo la dawa mapajani. Nilidhani atanipiga. Ningekaa nipigwe.

"Alificha ndani ya unga," alisema. "Miaka minne. Mimi naambiwa na simu."

Nikamwambia bila hizo dawa mtoto anaweza kuambukizwa. Nikamwambia na yeye aende kupima.

"Wewe bado una mdomo wa kuniambia niende mahali?"

Halafu akanipa kopo. "Peleka. Mtoto ni wangu."

Jumapili, 9 Machi

Boti haikutoka, upepo. Nimelala kwenye benchi la Odoyo. Nimempigia Nyar Uriri mara ishirini. Imezimwa. Kila saa moja ni saa moja bila dawa. Mimi niliyeacha hesabu kidato cha pili, leo nahesabu tu.

Jumatatu, 10 Machi

Mchana nimefika Uriri. Sista Gati, nesi wa kikundi cha kule, amenipeleka mpaka kwa mama yake Nyar Uriri. Njia nzima alitembea mbele yangu, hageuki.

Tumemkuta nyuma ya nyumba anachambua maharagwe. Siku tatu hajameza. Amekonda usoni, tumbo tu ndilo limebaki. Nimeomba msamaha.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Shemeji, ulinikalisha chini ukaniuliza nataka niambiwe vipi. Hakuna mtu aliwahi kuniuliza hivyo. Nikakuamini. Sasa toa namba yangu."

Nimeitoa hapo hapo, mbele yake, kwenye simu yangu. Sistimu ikauliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo.

Sista akamwomba ameze kidonge kimoja tuone. Amepokea kopo, akaliweka kando ya maharagwe, akaendelea kuchambua. "Nitameza mkiondoka."

Tumeondoka.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia Madam ukweli. Kwamba ni kukopi, kwamba ni mimi, kwamba sistimu haina kosa. Amevua miwani, akalia kidogo, akasema nimalize Remba ndipo tuzungumze.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimeingiza Remba mtu kwa mtu. Nimempigia kila mmoja kwanza. Wengi simu zimezimwa. Waliopokea, wengi wamesema toa. Mzee mmoja amesema acha, lakini maneno yabaki matupu, simu itikisike tu, yeye ataelewa. Nimekagua kitufe mara tano. Orodha imekuwa fupi, inaenea kwenye kioo bila kusukuma chini.

Sista Gati amesema jana alienda, na kopo halikuwa pale kando ya maharagwe. Hakuuliza liko wapi. Mimi siwezi kujua, wala kumkumbusha. Hayupo tena kwenye sistimu.

Niliandika kwamba sijakosea hata mara moja. Ni uongo. Novemba nilikopi vilevile, Uriri juu ya Remba, kwa uvivu uleule. Mtandao wa kisiwa ulikuwa umelala siku nzima, meseji zikakwama. Nikazifuta kabla hazijafika na sikumwambia mtu.