Niliapa Mbele ya Darasa

Jumatatu, 4 Mei

Chai imepoa, sikuinywa. Nimesoma madodoso yote ya Kidato cha Pili, yale ya kuwauliza wanalala vipi, wanaogopa nini, wana nani wa kumwambia. Wote wamejaza "nzuri" na "alhamdulillah". Watoto arubaini hawana hata shida moja. Basi nifunge ofisi ya ushauri nasaha nikauze urojo Forodhani.

Hawaniamini. Kesho nnagawa upya.

Jumanne, 5 Mei

Nimewaambia wasiandike majina. Wakabaki kunitazama, kalamu chini. Nikaapa. Wallahi sitamwambia mtu mnachoandika. Kalamu zikaanza kwenda. Nimefurahi nusu saa nzima, mjinga mimi.

Karatasi moja imeandikwa: "Natamani nilale nisiamke. Mama asijue, atawacha kazi."

Mwandiko wa Rukia, naujua. Mama yake yuko hotelini Kiwengwa, hurudi Ijumaa. Wiki nzima Rukia ndiye mwenye nyumba: wadogo zake wawili, na bibi asiyeona. Ana miaka kumi na minne. Nimetoka mbio kumtafuta, keshaondoka. Nimekwenda mpaka kwao nikasingizia kumpelekea kitabu. Yupo, anakuna nazi. Nimekaa mpaka alipofika shangazi yake, anayekuja kulala nao usiku.

Jumatano, 6 Mei

Nimemwita mapema, kabla ya kipindi cha kwanza. Nimemwambia nimesoma, na mama lazima ajue. Akasema neno moja.

"Uliapa."

Nimeona haya mpaka masikio yameniwaka. Hata hivyo nimempigia mama yake, Rukia amekaa mbele yangu, kanipa ubavu. Sikumwacha peke yake hata dakika. Mama kafika saa tano, bado kavaa sare ya hoteli. Wakaenda moja kwa moja hospitali. Mimi nikarudi kusomesha, sijui nimesomesha nini. Nimewakaripia watoto bure.

Alhamisi, 7 Mei

Mama kanipigia. Daktari kazungumza na Rukia peke yake, kwa muda mrefu. Atakwenda kila wiki. Mama ameomba likizo. "Kumbe nilikuwa namtazama simuoni," kasema, akalia. Nami nimelia, chooni, bomba nimelifungua wasinisikie.

Rukia hataki kusikia jina langu. Hilo mama kaniambia kwa upole, likaniuma vile vile.

Ijumaa, 8 Mei

Nimemuuliza Maalim wa mtaani. Kasema kukivunja kiapo kile kulikuwa wajibu wangu. Kafara yake kulisha masikini kumi. Halafu kanitazama: "Ila nani alikutuma kuapa?" Nilitaka karatasi zijae, basi.

Jumamosi, 9 Mei

Wali na mchuzi wa nguru. Nimelisha watu kumi, nimeosha masufuria, nimefagia ua mara mbili. Roho haitulii. Mungu nnamtarajia atanisamehe. Mtoto sijui.

Jumatatu, 11 Mei

Nimesimama mbele ya darasa nikasema ukweli: siri zenu sitazitembeza, lakini mtu akiwa hatarini nitasema, na nitamwambia yeye kwanza. Wote wakainamia madawati. Nimejua nimewapoteza.

Alhamisi, 14 Mei

Mvua tangu asubuhi. Wakati wa mapumziko kaja Rukia. Kaniamkia, nikamuitikia, akakaa. Macho yake dirishani. Nilipofungua mdomo kumtuliza, kanizuia kwa mkono.

"Usiape, mwalimu. We nisikilize tu."

Kengele imelia. Hatukuinuka.