Kamanda hajikuni tena, ila amelala

Alhamisi, Moshono. Manyunyu tangu asubuhi, Mlima Meru umejifunika wingu mpaka miguuni. Mimi nimekaa getini na koti la Babu, naandika kwa simu kabla sijaanza kujitetea.

Mnaopita kwenye ukurasa wangu huu mnanijua. Kidato cha pili nilikiacha mwenyewe, hakikuniacha. Lakini pasi natengeneza, simu nafungua, redio ya mchungaji iliyokufa niliifufua mimi. Basi Kamanda, mbwa wa Babu, alipoanza kujikuna mpaka manyoya ya juu ya mkia yakapukutika na ngozi ikawa nyekundu, Babu akasema nimpeleke kwa daktari wa mifugo. Nikacheka.

"Daktari wa nini, Babu, na mimi nipo?"

Nikaenda Levolosi, duka la dawa, nikadai mimi ndiye ninayewashwa. Wakanipa vidonge vya aleji, vile vya watu, vinavyoleta usingizi. Nikavificha kwenye ugali wa Kamanda, kipimo nikakitoa kichwani kwangu. Akapunguza kujikuna. Kijiweni nilijimwambafai mno, wana wakaanza kuniita Dokta. Na Dokta hataki mgonjwa apone nusu nusu, kwa hiyo nikaongeza dozi.

Kamanda akaacha kujikuna kabisa.

Akaacha na kubweka.

Usiku wa kuamkia jana wezi waliingia, wakabeba bata wote wa Babu. Matope ya viatu vyao yalikuwa pande zote mbili za gunia analolalia Kamanda. Walimruka kama kizingiti. Asubuhi Babu alisimama akamtazama muda mrefu, naye anapepesa macho tu, mkia unagonga chini taratibu.

"Amezeeka huyu," Babu akasema. "Mbwa asiyelinda nimfuge wa nini?"

Akampigia mtu wa Kikatiti, yule anayemaliza mbwa wasiofaa. Wakakubaliana aje Ijumaa. Yaani kesho.

Mimi nilikuwa pale pale, vidonge viko mfukoni. Mnajua nilisema nini?

"Kweli Babu, kazeeka."

Hayo ni maneno yangu. Hakuna aliyeniwekea mdomoni.

Jana nzima nilizunguka na vidonge mfukoni. Wana kijiweni wananiita Dokta, Dokta, nikawatukana, wakadhani ni utani. Leo Babu alipoenda shambani nikamfunga Kamanda kamba, nikamvuta hadi kwa daktari wa mifugo. Ni dada mmoja, mdogo kwa umbo, maneno yake kama pilipili. Akamfunua manyoya, akaniuliza nimempa nini. Nikamwonyesha.

"Ulimpima uzito?"

"Kwa macho, dokta."

"Macho yako yana mizani?"

Nikavirudisha vidonge mfukoni kama mwizi. Mimi! Akanieleza kwamba mwili wa Kamanda haupatani na mate ya kiroboto. Akiumwa na mmoja tu anawashwa mwili mzima. Kwa hiyo mimi nilikuwa namlaza mgonjwa, viroboto wanaendelea kula. Akampa dawa ya viroboto na vidonge vyake vya muwasho, vya mbwa, vya kupunguza kidogo kidogo, siyo kukatisha siku nikijisikia. Gunia nilichemshe au nilichome. Na usingizi?

"Utaisha vidonge vyako vikiisha mwilini. Mshukuru Mungu bado anapumua. Mbwa huyu hajazeeka hata kidogo."

Njiani kurudi nilitunga uongo mzuri sana. Muuza dawa ndiye alikosea. Kamanda aliokota kitu jalalani. Kipaji ninacho, msinidharau. Lakini nilipofika, Babu alikuwa amesharudi shambani, ametoa bakuli la mbwa nje, amelisugua, ameliegemeza ukutani likauke. Bakuli la mbwa anayekufa kesho.

Uongo wote ukayeyuka.

"Shikamoo Babu. Kamanda hajazeeka. Mimi ndiye niliyemlewesha kwa vidonge."

Hakuitikia shikamoo. Alinisikiliza mpaka mwisho, vidonge, dozi, daktari, vyote. Kisha akauliza kimoja tu.

"Jana uliposema kazeeka, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Babu."

Angenichapa ningeona nafuu. Akachukua simu, akamwambia mtu wa Kikatiti asije. Akavua koti lake, akanitupia.

"Mlinzi wangu anaumwa. Mpaka apone, geti ni lako."

Ndiyo maana niko hapa jioni hii, Dokta mzima, nimekalia kigoda pembeni ya banda la bata lisilo na bata. Wana wamepita, wamenibwekea, wameondoka wakicheka. Ningekuwa wao ningefanya hivyo hivyo.

Kinachonitafuna siyo hao. Najiuliza, kama yule dada angesema mbwa haponi tena, ningemwambia Babu ukweli, au ningeacha yule mtu aje amalize kazi na siri yangu pamoja? Nataka kuandika kwamba ningesema. Naona kidole hakitaki.

Sasa hivi Kamanda ametoka, anayumba kidogo, ametembea mpaka kwangu. Amelala juu ya miguu yangu kama vile mimi ni mtu mwema.

Nimemsogeza, amerudi.

Bora angeniuma.