Ng'ombe za Pili za Ayubu

Kitengela, Jumapili, Mei 2001

Pasta amehubiri Ayubu tena. Tangu mvua irudi hana habari ingine: Ayubu alirudishiwa mara mbili, na sisi tutarudishiwa. Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa nawaza wale watoto wake wa kwanza. Alipata wengine, sawa, lakini hao hawakutoka kaburini. Hapo pasta huwa anaparuka.

Mume wangu hakuja. Tangu kiangazi kimalize ng'ombe zetu, kanisa haendi na boma hataki hata kuliangalia. Nilipomweleza mahubiri aliweka kikombe chini.

"Hizo ng'ombe za pili, nani alimpa?"

"Mungu."

"Kupitia mkono wa nani?"

Niliudhika. Sisi Wakamba hatuulizi Biblia maswali kama hayo. Lakini nilifungua, na kweli imeandikwa ndugu na marafiki walikuja wakala naye, kila mtu na zawadi yake. Akaniambia nisome hapo tena.

Jioni Lemayian, Mmasai mwenzake wa rika lake kutoka Kiserian, alirudi na ule mtamba ambao mume wangu aliukataa wiki jana. Wamasai wakipeana mtamba huacha majina yao, wanaitana Paashe, jina la huo mtamba, mpaka kufa. Nafikiri hilo ndilo lilikuwa linamshinda mume wangu, kuitwa kila siku kwa jina la ng'ombe aliokosa.

Nilikuwa jikoni nikamsikia mume wangu akimwambia, pole pole, "Paashe."

Saa hii anakata miiba. Ng'ombe ni mmoja, lakini anaziba boma lote.