Mkono wa Hamza Gizani

Alhamisi

...na kumbe sivyo nilivyodhani. Tangu harusi, kila tukitoka baada ya magharibi Hamza wangu hunishika mkono kwa nguvu, nami moyo unayeyuka, najisemea hakuna mwanamke Usagara nzima anayependwa kama mimi. Leo daktari wa macho kasema mume wangu haoni gizani. Tangu azaliwe.

Alituchorea. Gizani, seli zinazopokea mwanga humwaga kemikali, na seli ya pili huidaka kwa kipokezi chake, nayo hunyamaza. Mwanga ukija kemikali hupungua, seli ile inazinduka na kupeleka habari. Kipokezi cha Hamza kina kasoro, kwa hiyo seli haijui kemikali ipo au imepungua, wala haizinduki. Mchana anajimudu kwa njia nyingine, usiku hana. Miwani haisaidii na dawa hakuna.

"Basi usiniachie, mke wangu, nitakuja kukumbatia nguzo ya umeme nikidhani ni wewe," Hamza akatania. Nilicheka huku machozi yananilenga.

Kisha daktari akauliza, "Nyinyi mna udugu?"

"Ni mtoto wa ami yangu," nikajibu.

Akaweka kalamu chini, akasema kasoro hiyo hurithiwa katika ukoo: kama nami nimeibeba, watoto wetu wanaweza kuzaliwa nayo.

Siku zangu zimepita wiki tatu. Hamza hajui. Nampenda mpaka kifua kinauma, na leo sioni pa kushika, sioni kabisa...

Kabla mwezi haujaisha nitakwenda Mwera kwa bibi yetu, nimwamkie, kisha nimuulize ni nani wengine katika ukoo wetu hawakuona usiku, hata kama jibu litanivunja.