Waridi Uliloniachia

Kwa Mzee Ng'ang'a,
Kawangware, Nairobi.
Jumatatu ya Pasaka, 11 Aprili 1977

Mpendwa Senge, shangazi yangu,

Pokea salamu zangu za Pasaka. Goti lako linaendeleaje tangu mvua ianze? Je, nyanya yetu Kukhu ameacha kukohoa? Sisi huku tu wazima wa mwili. Baba bado yuko kwenye karakana ya useremala, Mama anauza mboga zake, nami tangu nimalize shule niko nyumbani nikingoja majibu ya kazi yasiyokuja.

Senge, unanijua mimi si mtu wa maneno. Shuleni walimu walinisihi niinue sauti hata nilipoitika jina langu. Lakini leo nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Lile waridi jekundu uliloniachia ulipoacha kazi kwa wale wazungu wa Lavington limeng'olewa.

Laiti ungeliona mwaka huu! Nilifuata kila ulichonionyesha. Nilimwagilia chini, si kwenye majani. Wadudu wa kijani niliwaosha kwa maji ya sabuni. Matawi marefu niliyalaza kando na kuyafunga kwa vitambaa, na kweli yakatoa maua kila kifundo. Baba mwenyewe alilitengenezea fremu ya mbao ukutani, akaipiga randa kama kitanda cha mteja. Lilikuwa limebakiza kidogo tu kufika kwenye mabati.

Kila Jumamosi Mama Waruguru, mke wa Mzee Ng'ang'a mwenye nyumba, alikuja na kisu kukata maua ya kanisani. Sikumkataza hata siku moja.

Sasa jirani yetu Oloo, ambaye hawezi kuteka maji bila kuchekesha watu, akaniita pale bombani: "Nabwire, hiyo maua ikifika kwa paa, ploti ni yako! Sisi wote tutakuwa wapangaji wako!" Watu wakacheka. Mzee Ng'ang'a alikuwa hapo getini akigonga bawaba. Yeye hakucheka.

Jumatatu ya wiki iliyopita akaja kwa Baba. "Murunga, mimi niliruhusu watu wapande sukuma. Sukuma unakula, inaisha. Hii kitu imeshika ukuta yangu miaka tatu. Kesho utaniambia hapa ni kwa baba yako?" Akasema litoke siku hiyo hiyo, au tutoke sisi.

Baba akajibu, "Sawa, Mzee." Basi. Akachukua nyundo, akaibandua fremu aliyoitengeneza kwa mikono yake, kisha akashika jembe. Lilikuwa na maua, Senge. Nilisimama mlangoni nikitazama. Mzee Ng'ang'a namkasirikia, lakini Baba ndiye anayeniuma. Hata neno moja la kulitetea hakusema.

Alipomaliza niliokota matawi, nikakata vijiti vinne chini ya kifundo kama ulivyonifundisha, nikavipanda kwenye debe na kuvifunika kwa chupa za jamu.

Jumamosi Mama Waruguru akaja na kisu na beseni. Hakuwa ameambiwa kitu. "Kwani maua ya Pasaka iko wapi?" Nikamjibu kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi: "Muulize Baba Waruguru. Aliogopa yatamnyang'anya ploti." Watu wote pale bombani wakageuka kunitazama. Oloo alikuja baadaye kuniomba msamaha. Bado sijamjibu.

Jana baada ya ibada Mzee alirudi akiwa mpole. Alikuwa amesikia habari za vijiti vyangu. Anataka vipandwe mbele ya nyumba yake mwenyewe, avipande yeye, halafu mimi niwe nikivitunza kwa sababu naijua kazi. Baba akasema tena, "Sawa, Mzee."

Mimi nikasema hapana. Sijawahi kumwambia Baba hapana maishani mwangu. Mzee alinitazama kama aliyesikia mbuzi akiongea, akaenda zake. Tangu jana Baba hanisemeshi. Mama analia kwamba tutafukuzwa. Najua inawezekana, na usiku huu nimeogopa sana, lakini sivitoi.

Debe utaletewa na Wepukhulu, yule rafiki ya Baba anayekaa Kibera, pamoja na barua hii. Anasafiri kesho asubuhi kuja huko kijijini. Usiziondoe chupa mpaka uone majani mapya. Panda kwenye ukuta wa jiko lako, hapo kwenye ardhi yetu. Na tafadhali mwandikie Baba. Wewe ni dada yake mkubwa, atakusikia. Mwambie sikumdharau. Mwambie ile fremu yake ilikuwa nzuri.

Nisalimie babu yetu Kuka na Kukhu, na yule mtoto Jentrix, umwonye asichungulie kwenye chupa kila saa. Mungu aliponye goti lako na ailinde nyumba yako.

Yakichanua, mtu akiuliza maua hayo ni ya nani, mwambie ni ya Nabwire.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye hata katika hasira hii,

Nabwire Murunga